Faharasa ya hifadhidata: lini uiweke, lini uiache

Karani yeyote wa ushirika wa maziwa huku kwetu Nakuru analijua swali moja lisilo na likizo: “Maziwa yangu ya mwezi uliopita yalifika kilo ngapi?” Mkulima amesimama dirishani, karani anaandika namba ya uanachama, kisha wote wawili wanakodolea skrini macho. Mimi ndiye ninayepigiwa simu skrini hiyo ikichelewa. Natunza mifumo ya vyama kadhaa vya ushirika, vingi vikiwa upande wa Njoro, Molo na Bahati, na vijana wanaokuja kujifunza kazi hii kwangu karibu wote hufika na jibu moja tayari: swali likikawia, weka faharasa (index). Mara nyingi ni jibu sahihi. Lakini si kila mara, na kujua tofauti ndiyo kazi yenyewe.

Mifano yangu ni ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku. Pale wenzake, MySQL au SQLite, wanapokwenda njia nyingine nitasema.

Chukua ushirika wenye wakulima 3,000, kila mmoja akileta maziwa asubuhi na jioni. Hiyo ni mistari 6,000 kwa siku na zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, yote ikiingia katika jedwali ninaloliita mapokezi. Bila faharasa, hifadhidata haina namna ya kujua mistari ya mkulima namba 1187 imekaa wapi. Inasoma jedwali zima, ukurasa kwa ukurasa (kilobaiti 8 kila ukurasa katika PostgreSQL, 16 katika InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL), na kutupa kila mstari usiohusika. Faharasa ya kawaida, ile ya mti wa B ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight waliubuni wakiwa Boeing, ni nakala ya safuwima ulizochagua, iliyopangwa kwa mfuatano, kila ingizo likibeba anwani ya mstari wake. Mti wenyewe ni mpana na mfupi. Hata kwenye jedwali la mamilioni ya mistari, kushuka ngazi tatu au nne hutosha kufika unapotaka.

Ni nakala, kwa hiyo lazima itunzwe. Kila mstari mpya unaoandikwa kwenye jedwali unaandikwa pia kwenye kila faharasa ya jedwali hilo. Maziwa hufika mapema. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi simu za makarani wa vituo zinatuma mistari bila kupumzika. Jedwali lenye faharasa saba huandikwa mara nane kwa kila debe linalopimwa. Ndiyo maana sitaki kuona faharasa ambayo aliyeiweka hawezi kunitajia swali inayolijibu.

Anza kwa swali linalokula muda

Usibahatishe kwa kuangalia majina ya safuwima. Washa kiendelezi cha pg_stat_statements, kinachorekodi maswali na muda wake, kiache kikusanye kwa siku kadhaa zikiwemo za malipo, kisha uliza:

```
SELECT calls, total_exec_time, mean_exec_time, query
FROM pg_stat_statements
ORDER BY total_exec_time DESC
LIMIT 20;
```

Napanga kwa muda wa jumla, si kwa wastani. Ripoti ya mkutano mkuu inayochukua nusu dakika na kuulizwa mara moja kwa mwaka haimsumbui mtu, mwenyekiti atasubiri. Swali la sehemu ndogo ya sekunde linaloulizwa na kila dirisha, kila dakika, ndilo linaloichosha seva. Kwa MySQL, washa rekodi ya maswali ya polepole, lakini kumbuka kwamba kipimo chake cha long_query_time huanzia sekunde 10. Mkulima aliyesimama foleni huwa ameshaanza kugonga dirisha sekunde 10 zikitimia. Kishushe hadi 1 au chini yake.

Ukishapata swali, iombe hifadhidata ikueleze inavyolijibu:

```
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT sum(kilo) FROM mapokezi
WHERE mkulima_id = 1187
  AND tarehe >= '2025-04-01'
  AND tarehe <  '2025-05-01';
```

ANALYZE hulitekeleza swali kwelikweli. Kwa SELECT hakuna shida, ila kwa UPDATE au DELETE anza na BEGIN na umalize na ROLLBACK, la sivyo utakuwa umeifanya kazi uliyotaka kuipima tu.

Katika jibu, watu wengi hutafuta maneno Seq Scan (jedwali limesomwa lote) na wakiyaona hushtuka. Mimi hutazama mstari ulio chini yake, ule unaosema Rows Removed by Filter. Hapo ndipo ukweli ulipo. Ikiwa hifadhidata imesoma mistari milioni mbili ikabakiza 60, faharasa itakuokoa, maana karibu kazi yote ilikuwa ya kutupa. Ikiwa imesoma milioni mbili ikabakiza milioni moja na laki nane, hakuna faharasa itakayosaidia. Umeomba vingi, utapewa vingi, na kuvipata kimoja kimoja kupitia faharasa kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kusoma jedwali lote moja kwa moja. Kipangaji, ile sehemu ya hifadhidata inayochagua njia, hulijua hilo na huenda kikaiacha faharasa yako kando makusudi. Liendeshe swali mara mbili kabla ya kuamua, kwa kuwa mara ya kwanza kurasa hutoka kwenye diski na mara ya pili huwa zimeshaingia kwenye kumbukumbu. BUFFERS itakuonyesha ni zipi.

Na usipime kwenye kompyuta yako yenye mistari 200 ya majaribio. Tengeneza mistari ya uongo kwa generate_series, milioni mbili au tatu, kisha uendeshe amri ya ANALYZE peke yake, si ile ya EXPLAIN, ili takwimu za kipangaji ziwe za leo. Nasema mistari ya uongo kwa sababu nimeona watu wakibeba nakala ya data ya wakulima, majina na namba za vitambulisho zikiwemo, kwenye kompyuta ya mkononi inayopanda matatu kila jioni. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Hukuhitaji jina la mtu kupima kasi.

Mpangilio wa safuwima mbili

Swali la dirishani lina masharti mawili, mkulima na mwezi. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengine huweka faharasa mbili, moja ya mkulima_id na nyingine ya tarehe. Itafanya kazi kiasi, maana PostgreSQL inaweza kuunganisha matokeo ya faharasa mbili, lakini ni kazi ya ziada. Faharasa moja yenye safuwima zote mbili ni bora. Inabaki kuamua ipi itangulie:

```
CREATE INDEX mapokezi_mkulima_tarehe
ON mapokezi (mkulima_id, tarehe);
```

Fikiria maingizo yalivyojipanga. Mkulima akitangulia, maingizo yote ya namba 1187 yamekaa pamoja, na ndani yake yamefuatana kwa tarehe. Hifadhidata inashuka hadi mwanzo wa Aprili wa mkulima huyo, inasoma maingizo 60 yaliyoshikana, inasimama. Tarehe ikitangulia, mwezi wa Aprili una maingizo 180,000 ya wakulima wote, na mkulima wetu ametawanyika humo mara mbili kila siku. Faharasa ni ileile kwa ukubwa, gharama ya kuitunza ni ileile, lakini moja inapitia maingizo 60 na nyingine 180,000 kwa jibu moja.

Kanuni ninayofuata ni hii: safuwima inayoulizwa kwa usawa itangulie, inayoulizwa kwa kipindi ifuate. Iliyo na sharti la kuanzia tarehe fulani hadi nyingine ikitangulia, zile za nyuma yake hupoteza karibu nguvu zao zote.

Ukishakuwa na faharasa hiyo, faharasa ya mkulima_id peke yake haina kazi tena, ifute. Kinyume chake si kweli: swali la tarehe pekee, bila mkulima, halitanufaika na faharasa iliyoanza na mkulima. Matoleo mapya yana ujanja wa kuruka safuwima ya kwanza (PostgreSQL 18 ni mojawapo), lakini ujanja huo hulipa pale safuwima ya kwanza ina thamani chache. Wakulima 3,000 si wachache.

Ripoti ya mwisho wa mwezi ni swali lingine kabisa. Inataka kilo za kila mkulima kwa mwezi mzima, yaani mistari 180,000 kwa mpigo. Kwa ushirika uliofanya kazi mwaka mmoja hiyo ni karibu asilimia 8 ya jedwali. Kwa miaka mitano, chini ya asilimia 2. Kwa bahati nzuri mistari iliingia kwa mfuatano wa siku, hivyo ya Aprili imekaa jirani kwenye diski. Data ya namna hii inafaa sana faharasa ya BRIN, iliyoingia PostgreSQL toleo la 9.5. Haiweki ingizo kwa kila mstari. Kwa kila kundi la kurasa 128, yaani megabaiti moja, inaandika tu tarehe ya chini na ya juu. Inakuwa ndogo kiasi cha kuchekesha na haigharimu chochote cha maana asubuhi maziwa yanapoingia. Lakini ukiwa na tabia ya kuingiza data ya miezi ya nyuma kwa vipande, mpangilio wa diski unavurugika na BRIN inapoteza maana. Hapo rudi kwenye mti wa B.

Kabla ya faharasa, angalia swali limeulizwaje

Nikipewa swali lililokwama na naambiwa “faharasa ipo lakini haitumiki”, kwa kawaida sigusi faharasa. Nasoma WHERE, sehemu ya masharti.

```
WHERE extract(month FROM tarehe) = 4
  AND extract(year FROM tarehe) = 2025
```

Faharasa imepanga tarehe. Haijapanga matokeo ya extract. Ukiifunika safuwima kwa kitendo chochote, umeificha isionekane na faharasa yake. Andika kipindi kama nilivyofanya juu, kuanzia tarehe mosi hadi kabla ya tarehe mosi ya mwezi unaofuata, na tatizo linaisha bila kuongeza kitu. Sharti la chini ya mwezi unaofuata ni salama pia kuliko kuandika hadi tarehe 30, kwa sababu safuwima ikiwa na saa ndani yake, maziwa ya jioni ya siku ya mwisho yatapotea kwenye hesabu, na hilo utaambiwa na mkulima mwenyewe, kwa sauti.

Namba za simu ni shamba lenye magugu mengi zaidi. Jedwali la malipo ya Mpesa, wakulima wanapolipia chakula cha ng'ombe dukani agrovet, huwa na namba moja iliyoandikwa kwa sura tatu: 07 mwanzoni, 2547 mwanzoni, na +2547 yenye alama ya kujumlisha. Tangu zije namba za 01, orodha imerefuka. Nimeona programu inayotafuta hivi:

```
WHERE simu LIKE '%722000111'
```

Alama ya %, inayosimama badala ya herufi zozote, ikitangulia, mti wa B hauna pa kuanzia kushuka, kwa kuwa umepangwa kwa herufi za mwanzo nawe umeupa za mwisho. Dawa ya kudumu ni kuisafisha namba inapoingia: 254 na tarakimu tisa, hakuna nafasi, hakuna alama. Baada ya hapo utafutaji unakuwa wa usawa, na faharasa ya kawaida inatosha. Usiiwekee namba ya simu sharti la upekee, lakini. Mume na mke wenye uanachama tofauti hutumia simu moja, na mwanafunzi wa sekondari huwapokelea ujumbe babu na nyanya.

Karani akisisitiza kutafuta kwa tarakimu nne za mwisho, na kweli watasisitiza kwa sababu ndizo mkulima anazozitaja, geuza namba:

```
CREATE INDEX malipo_simu_kinyume
ON malipo (reverse(simu) text_pattern_ops);

SELECT * FROM malipo
WHERE reverse(simu) LIKE reverse('4471') || '%';
```

Hii ni faharasa ya usemi. Inahifadhi matokeo ya kitendo badala ya safuwima tupu. Hutumika tu ukiandika usemi uleule kwenye swali. Ile text_pattern_ops ni muhimu, kwa kuwa hifadhidata ikipanga maneno kwa kanuni za lugha fulani badala ya mpangilio wa C (ule wa msimbo wa herufi tu), LIKE haiwezi kutumia faharasa ya kawaida hata kama herufi za mwanzo zinajulikana.

Watumiaji wa MySQL wana mtego wao: safuwima ya simu ni ya maandishi, programu inatuma namba bila alama za kunukuu. Swali linajibiwa vizuri, hakuna kosa linaloonekana, na faharasa haiguswi kabisa.

Namba ya muamala wa Mpesa, zile herufi na tarakimu kumi, ni rahisi. Ipe sharti la UNIQUE. Utapata ulinzi dhidi ya malipo kuingizwa mara mbili, na faharasa inakuja nalo bila kuombwa. Nakutana na majedwali yenye UNIQUE na kando yake faharasa nyingine ya safuwima hiyohiyo, ambayo ni kulipa kodi ya nyumba mbili ukilala moja.

Majina yetu

Mkulima amesahau kadi, namba haikumbuki, simu ameiacha nyumbani. Anataja jina.

Kwanza, ukubwa. Jedwali la wakulima 3,000 linasomwa lote kwa milisekunde chache. Usiliwekee faharasa za majina. Tafuta kwa ILIKE, yaani LIKE isiyojali herufi kubwa na ndogo, na uendelee na maisha. Jedwali la vituo, lenye mistari 40, linaenea kwenye ukurasa mmoja au miwili, na hata ukiweka faharasa kipangaji kitaipuuza kwa haki. Ninayoyaeleza hapa chini ni kwa sacco yenye wanachama laki tatu, au kisanduku kinachotafuta kila herufi inapobonyezwa.

Ng'ang'a ameandikishwa mara moja kwa kibainishi cha kawaida, mara nyingine kwa kibainishi kilichopinda ambacho simu hujiwekea, mara nyingine bila chochote. Ng'eno vivyo hivyo. Majina matatu hubadilishana nafasi kutegemea karani alinakili kitambulisho au alimsikiliza mtu. Ninatengeneza safuwima ya pili kwa ajili ya kutafutia:

```
ALTER TABLE wanachama ADD COLUMN jina_tafuta text
GENERATED ALWAYS AS (translate(lower(jina), '''’`-', '')) STORED;

CREATE EXTENSION pg_trgm;
CREATE INDEX wanachama_jina_trgm
ON wanachama USING gin (jina_tafuta gin_trgm_ops);
```

Kiendelezi cha pg_trgm hukata neno vipande vya herufi tatu tatu na kuviwekea faharasa. Sasa LIKE '%chepk%' inapata faharasa hata kipande kikiwa katikati ya jina. Kinahitaji angalau herufi tatu ili kiwe na cha kushika, kwa hiyo zuia kisanduku kisitume swali kabla ya hapo. Kina pia kipimo cha kufanana, kinachomleta Kiprotich hata karani akikosea herufi moja. Gharama yake ni ukubwa na uandishi mzito, lakini wanachama hawaandikishwi kila dakika.

Kwa maelezo marefu, mfano malalamiko au ripoti za daktari wa mifugo, vitabu vinakuelekeza kwenye utafutaji wa maandishi kamili wa PostgreSQL, wenye to_tsvector. Kwa Kiingereza unafanya kazi vizuri sana. Kwa Kiswahili hakuna kanuni za lugha zilizojengwa ndani. Unabaki na ile iitwayo simple, inayochukua kila neno lilivyo. Lugha yetu hubadilika mbele ya mzizi: alilipa, hajalipwa, tumelipana. Kwa simple hayo ni maneno matatu yasiyojuana, na kutafuta kwa mwanzo wa neno hakusaidii kwa sababu mzizi hauko mwanzoni. Hapa tena vipande vya herufi tatu vinashinda: %lip% inayakamata yote, pamoja na malipo na, samahani, transfoma iliyolipuka. Mimi huvumilia transfoma.

Mtu atakuambia uweke Elasticsearch. Ni chombo kizuri cha utafutaji. Pia ni seva ya pili, yenye nakala ya pili ya data, ambayo lazima ilingane na ya kwanza usiku na mchana. Kwa ushirika wenye mtu mmoja wa kompyuta anayekuja Jumanne na Ijumaa, jibu langu ni hapana.

Pale ninapokataa, au ninapokubali nusu

Safuwima yenye thamani mbili tatu, kama hali ya malipo au jinsia, haipati faharasa nzima. Ila kuna nusu yenye faida. Kwenye malipo, karibu mistari yote imeshalinganishwa na mwanachama. Inayotafutwa kutwa ni ile michache ambayo mtu aliandika namba ya akaunti vibaya. Hiyo naiwekea faharasa ya sehemu:

```
CREATE INDEX malipo_bado
ON malipo (tarehe) WHERE hali = 'bado';
```

Inabeba mistari michache tu na inabaki ndogo hata jedwali likinenepa. SQLite inaweza hilo pia, MySQL haiwezi. Andika hali = 'bado' waziwazi ndani ya swali; ukiipitisha kama kigezo, kipangaji huenda kisijue kwamba faharasa inahusika.

Safuwima inayobadilika kila mara ina gharama iliyojificha. PostgreSQL ikibadilisha mstari bila kugusa safuwima iliyo kwenye faharasa, na ukurasa ukiwa na nafasi, inaruka faharasa zote. Weka faharasa kwenye safuwima hiyo, hata ya sehemu, na njia hiyo ya mkato imefungwa kwa mabadiliko yake. Kwa malipo machache kwa siku nakubali. Kwa alama ya “amelipwa” inayogeuzwa kwenye mistari 180,000 usiku mmoja, sikubali.

Kuna wakati swali lenyewe halina kosa, ila linaulizwa mara 3,000. Programu inaleta orodha ya wakulima, kisha kwa kila mmoja inauliza kilo zake. Seva ikiwa ng'ambo na kila safari ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 150, hizo ni dakika saba na nusu za kusafiri, hata kila jibu likiwa tayari papo hapo. Unganisha kwa GROUP BY, uliza mara moja.

Kinyume cha kukataa: funguo za kigeni, yaani safuwima zinazotaja mstari wa jedwali lingine. InnoDB huziwekea faharasa yenyewe, PostgreSQL haiweki. Ukifuta kituo kimoja, PostgreSQL lazima ihakikishe hakuna mstari wa mapokezi unaokitaja, na bila faharasa ya kituo_id itasoma mamilioni yote kwa ajili ya kituo hicho.

Kuiweka, na kuiondoa

CREATE INDEX ya kawaida huzuia uandishi kwenye jedwali hadi imalize. Saa moja asubuhi hilo ni janga. Tumia CREATE INDEX CONCURRENTLY, ambayo huchukua muda zaidi lakini haizuii maandishi. Haikubali kuwekwa ndani ya muamala wa hifadhidata, ule unaoanza na BEGIN, kwa hiyo angalia zana yako ya kuhamisha mabadiliko isije ikaizungushia BEGIN. Stima ikipotea katikati, utabaki na faharasa iliyoandikwa INVALID ukitazama jedwali kwa \d ya psql. Haijibu swali lolote, na bado inaweza kuendelea kutunzwa kwa gharama yako. Ifute, anza upya. Mimi hufanya kazi hii alasiri, baada ya maziwa ya asubuhi kuingia yote na kabla ya ya jioni.

Kisha, miezi ikipita, kagua:

```
SELECT relname, indexrelname, idx_scan,
       pg_size_pretty(pg_relation_size(indexrelid))
FROM pg_stat_user_indexes
ORDER BY idx_scan;
```

Zenye sifuri zinastahili kushukiwa, ila usizifute mwezi huohuo. Subiri mwisho wa mwezi upite, na hesabu ya bonasi, na mkutano mkuu. Ziache zinazolinda upekee hata kama hazijasomwa kamwe. Ikiwa una seva ya pili inayojibu ripoti, hesabu zake ni zake, kaziangalie huko. MySQL 8.0 inakuruhusu kuifanya faharasa isionekane kwanza, ukaona nani atapiga kelele, kabla ya kuifuta. Natamani PostgreSQL ingekuwa nayo.

Na unapoiweka yoyote mpya, iachie maelezo palepale:

```
COMMENT ON INDEX mapokezi_mkulima_tarehe IS
'Kilo za mkulima mmoja kwa mwezi, skrini ya dirishani';
```

Atakayekuja baada yako atayaona kwa \di+, bila kukutafuta kwa simu.